Siku Tuliyobeba Mtumbwi Kuyafuata Maji

Nikipita katikati ya kijiji chetu cha Wema siku hizi, watoto huniuliza kwa adabu kubwa kama nimeona maji, nami huwajibu kwa adabu vilevile kwamba sijayaona, kisha hukimbilia nyuma ya nyumba kucheka, na sina haki ya kuwakasirikia, kwa sababu mimi ndiye niliyewatoa wazazi wao majumbani mchana kweupe, jua la utosi, wakiwa na mtumbwi mabegani, tukaingia nao mbugani kuyalaki mafuriko ambayo hayakuwapo. Nimelikwepa jambo hili kwa muda. Leo nalisimulia lote, kwa kuwa aibu isimuliwapo na mwenyewe angalau huanzia mwanzo.

Mwanzo wake ni joto. Sisi wa Garsen na vijiji vyake si watu wa kushangaa joto (hatuna anasa hiyo), lakini joto la mwaka huu lilikuja na tabia ambazo hatukuwahi kuziona. Masika yalipaswa kuwa yamefika, nayo hayakufika. Usiku ulikuwa haupoi, ila unabadilisha rangi tu. Kuku walisimama chini ya ghala midomo wazi, mishumaa ya kanisani ilipinda na kuinama kabla hata ya kuwashwa, na watu walizungumza kidogo, polepole, kwa sauti ya chini, kama walio ndani ya nyumba ambamo mgonjwa amepata usingizi. Kule Ozi, tulisikia, mto ulikuwa umepungua kiasi kwamba bahari imeupanda, na maji ya kunywa yamekuwa chumvi. Mimi mwenyewe nilikuwa nikitembea mchana nikihisi kwamba bado sijaamka.

Jambo la pili, ambalo mgeni hawezi kulijua: hapa kwetu mafuriko huja anga ikiwa safi. Mvua hunyesha milimani, mbali, juu ya mapaa ya watu tusiowajua, nayo maji husafiri kimyakimya siku nyingi mpaka yatukute sisi tumesimama juani, vumbi miguuni, bila wingu hata moja juu yetu. Kwa hiyo mtu wa Wema akiona maji yanang'aa kwenye mbuga kavu, hamwulizi Mungu ilikuwaje. Anakwenda kutafuta mbegu.

Na mbegu ndiyo habari yenyewe. Bibi yangu, mama wa mama yangu, ndiye aliyenilea, na chini ya kitanda chake kulikuwa na debe la mbegu ya mpunga lililofunikwa kwa majani ya mwarobaini. Mafuriko ya nyuma yalizoa shamba, ukame uliofuata ukamaliza ghala, tukafikia kula unga wa msaada, na siku zote hizo lile debe lilikaa pale chini ya kitanda bila kuguswa. Niliwahi kumwambia, kwa upole wa msomi, kwamba tungeweza kupika kidogo tu. Akaniangalia kana kwamba nimependekeza tumpike mtoto wa jirani.

Basi nilikuwa nimerudi kutoka chuoni na shahada ya mazingira, na imani kwamba kijiji kikipewa habari sahihi kwa wakati hakitazama tena wala kufa kwa njaa (imani hiyo ninayo bado, ila sasa naibeba kwa mikono miwili). Wazee walinikabidhi kazi ya kutoa habari za hali ya hewa katika kundi la kijiji kwenye simu. Sheria yangu ya kwanza, niliyoitangaza kwa fahari kanisani baada ya ibada, ilikuwa kwamba asitokee mtu wa kutangaza mafuriko kwa uvumi. Atakayeyaona, apige picha. "Tuamini ushahidi," nilisema, na watu wakaitikia kwa vichwa.

Siku ya mkasa nilikuwa nikitoka mkutanoni Garsen, ambako tuliambiwa kwamba mvua kubwa inanyesha milimani na tukae macho. Pikipiki ilinishusha njia panda, nami nikaanza kutembea kuelekea nyumbani nikiwa nimejaa maneno hayo, mkae macho, mkae macho, na lami ilikuwa laini, na gundi ya sandali yangu ya kulia ikayeyuka, soli ikabanduka mbele ikawa inafungua na kufunga kinywa kila nikipiga hatua. Nikasimama niifunge kwa kitambaa. Nilipoinua kichwa, nikayaona.

Yalikuwa yametanda bondeni kutoka kwenye vichaka hadi mwisho wa macho, meupe, matulivu, na mbingu imelala ndani yake. Miti ilisimama ikiwa na vivuli vyake chini kama inavyosimama kandokando ya maji. Yangeyange walikuwa wakitembea humo, wakiinua mguu mmoja baada ya mwingine kwa ile namna yao ya kuogopa kulowa. Siwezi kueleza utulivu ulionijia. Nilihisi baridi, ndugu zangu, naapa nilihisi baridi kwenye vifundo vya miguu, na nikasimama pale kwa muda ambao siujui, nikiwaza kwamba yamekuja, na kwamba Bibi atavuna.

Nayajua mazigazi. Kila mtoto wa mbuga hizi anayajua, yale maji ya uongo ambayo jua huyachora ardhini saa za mchana mkali. Lakini mazigazi ninayoyajua mimi ni kidimbwi kinachotetemeka barabarani na kufutika ukikikaribia, si ziwa zima lenye ndege, tena kabla ya adhuhuri. Na hapa ndipo palipo ule uamuzi mdogo ulionigharimu: ningeweza kushuka bondeni nitie mguu. Haikuwa mbali. Lakini ardhi ilikuwa inaunguza, sandali yangu ilikuwa mgonjwa, nikajiambia kwamba sheria inataka picha, haitaki miguu. Nikapiga picha. (Mazigazi huonekana hata pichani. Chuoni hawakunifundisha hilo, na mimi sikuuliza.) Kisha nikaweka ujumbe wa sauti: "Ndugu zangu wa Wema, maji yameingia bondeni karibu na njia panda. Picha hii hapa. Tujiandae bila hofu."

Nilifika nyumbani nikichechemea, na kila kitu kilikuwa tayari kimeshatokea. Bibi alikuwa ameketi uani, majani ya mwarobaini yametapakaa, mbegu zote zimezama ndani ya sufuria kubwa ya harusini na karai la jirani. Mbegu ya mpunga tunailoweka maji yanapoingia, ili ianze kuota ndipo itupwe shambani, na ikishaonja maji hairudi kuwa mbegu ya kuweka. Hakuniuliza swali hata moja, kama yana kina gani au yanakwenda upande gani. Alinitazama tu akasema, "Ahsante, mwanangu," na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Nyuma yangu Mjomba Komora, mwangalizi wa mtumbwi wa kijiji, alikuwa ameshakusanya wanaume. Ni desturi yetu: maji yakitishia kukata njia ya Garsen, mtumbwi hupelekwa ukingoni kabla ya jambo lingine, wasije wagonjwa na wajawazito wakakwama upande usio na zahanati. Wakaupindua, wakautia mabegani, ukatembea juu ya vichwa vyao kama mnyama mrefu asiye na haraka, na Mjomba akaniambia, "Tangulia, msomi, wewe ndiye unayeyajua yalipo."

Nikatangulia. Wanawake walifuata na watoto wakafuata wanawake, tukaingia mbugani msafara mzima, na kwa kweli yalikuwapo, kila mtu aliyaona, Shangazi Eunice akaanza kuimba kwa sauti ya chini na wengine wakampokea. Tulitembea. Maji yalikuwa mbele yetu, meupe, hatua chache tu baada ya kile kichaka. Tulipofika kwenye kile kichaka, yalikuwa kwenye kingine. Wimbo ukaendelea kidogo bila imani, ukakatika wenyewe. Ikabaki miguu juu ya nyasi kavu, na soli yangu, ambayo ilikuwa imefunguka tena, ikisema neno lilelile kila hatua.

"Mwanangu," akasema Shangazi Eunice, "haya maji yako yana miguu?"

"Yanashuka mapema," akasema Mjomba kutoka chini ya mtumbwi, akinitetea.

"Yanashuka kwenda wapi, na mto uko nyuma yetu?"

Tukaendelea, na hilo ndilo ninaloshangaa ninapolikumbuka, kwamba tuliendelea baada ya kujua. Nadhani kila mmoja wetu alijua kwa wakati wake na akanyamaza, kwa sababu yalikuwa mazuri mno, na kwa sababu aliyesimama wa kwanza ndiye angekuwa ameyakausha.

Aliyetusimamisha ni mfugaji Muorma, Barisa, ambaye ng'ombe wake hushuka mtoni upande wetu kiangazi kikizidi. Alikuwa ameegemea fimbo yake, ng'ombe wachache wamelala nyuma yake mbavu nje, palepale ambapo kwa hesabu ya picha yangu palipaswa kuwa na maji ya kiunoni. Alitutazama tukija. Alitazama mtumbwi. Akatusalimu vizuri, akaulizia nyumba na wazee, tukamjibu kwamba wote salama, kisha akauliza, "Nyinyi mnavuka wapi?"

Mtumbwi ukaanza kutikisika, na nilipogeuka niliona ni mabega ya wanaume, wanacheka humo chini, na walilazimika kuutua chini wasije wakauvunja. Shangazi Eunice alikaa ukingoni mwa mtumbwi mkavu akasema kwamba yeye havuki, anamngoja nahodha, na kidole chake kilinielekea mimi. Mimi nilikuwa nimesimama na sandali mkononi nikiomba ardhi ipasuke, na ilikuwa imepasuka tayari kwa ukame, ila si kwa upana wa kunitosha.

Barisa hakucheka. Alinisogelea akasema, kwa Kiswahili chake cha mbugani, "Mimi jana naona hiyo maji. Najua ni joto tu. Lakini miguu inaenda." Kisha akarudi kwa ng'ombe wake.

Utani wa njiani siusimulii, fikirini wenyewe. Nilipoingia uani Bibi alikuwa ameshapata habari. Alikuwa ameziweka mbegu kwenye magunia mabichi kivulini, mkono wake uko juu ya gunia kama unaopima homa. Nilipiga magoti, nikaanza maneno marefu kuhusu mwanga na tabaka za hewa.

"Mbegu haijui picha," akanikata. "Imeshaanza kuamka. Niambie italala wapi."

Hapakuwa na mahali. Mfereji wetu ulikuwa vumbi, shamba lilikuwa gumu kama sahani. Mahali pekee penye tope lililobaki laini palikuwa malka, ile njia ambayo ng'ombe huteremkia mtoni kunywa, na msomaji wa kwetu ameshashtuka, kwa sababu mkulima kupanda malka ni kumtia mfugaji kidole jichoni, na watu wa pande zote mbili wamezikana kwa sababu ya vipande vidogo kuliko hicho. Sikutaka kwenda. Nilikuwa nimeandika insha ndefu chuoni kuhusu maridhiano na matumizi ya pamoja ya ardhi, na sikutaka hata kidogo kwenda kwa mtu mmoja, aliyeniona mchana ule nikiongoza mtumbwi nchi kavu, nikamwombe kona.

Nilikwenda jua likiinama, Bibi kando yangu ameshika kiganja cha mbegu ndani ya kanga. Barisa alisikiliza. Bibi akaufungua mkono, zikaonekana ncha nyeupe ndogo zikichungulia kwenye maganda. Barisa alizitazama muda mrefu, kama mtu anayetazama ndama aliyezaliwa siku mbaya.

"Kona moja," akasema mwishowe. "Kitalu, si shamba. Mnazungushia miiba. Ng'ombe akiingia, hakuna kelele."

"Hakuna kelele," akasema Bibi.

"Na wewe," akanigeukia, na sasa ndipo alipotabasamu, "ukiona maji tena, mimi pia niambie."

"Hata ya uongo?"

"Hata hiyo. Hapa hakuna kitu kingine ya kuangalia."

Nilibeba maji kwa mtungi asubuhi na jioni. Joto liliunguza miche mingi ikiwa bado haijafika kimo cha kidole, ng'ombe mmoja aliingia mara moja (hatukupiga kelele), na iliyosalia iko pale sasa hivi ninapoandika, mstari mwembamba wa kijani nyuma ya miiba. Ikizaa, itajaza kibuyu, haitajaza debe. Bibi husema mbegu tutakuwa nayo, ila mwaka huu hatuna shamba, na husema hivyo mbele yangu bila lawama, nami nageuza uso.

Ile sheria ya picha nimeifuta, nikasimama kanisani kuifuta mbele ya walewale walioitikia kwa vichwa, wakaitikia tena. Na nimeapa kwamba sitatangaza maji mpaka yaniloweshe. Mvua bado haijaja, wala maji ya ile ya milimani hayajatufikia. Ninapopita njia panda mchana yanakuwa pale, meupe, na ndege wake, mazuri kama siku ile. Navua viatu pale barabarani, nashuka bondeni peku, ardhi inaunguza, yanarudi nyuma, naendelea mpaka nijiridhishe. Kisha nampita Barisa malkani nikirudi, naye huniuliza kwa macho, nami humwambia ukweli, kwamba leo yalikuwa makubwa.