Mabomba Yasiyotakiwa Kuona Maji

Makosa yangu ya ujanani yanatosha kujaza kitabu ambacho hakuna atakayekinunua. Hili ni la neno moja.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, nimevaa kaunda suti nisiyoweza kuinama nayo, nimetumwa kufunga mtambo wa redio juu ya kilima kimoja Handeni. Mawimbi husafirishwa kutoka mtamboni hadi mnarani kwa mabomba ya shaba, bomba ndani ya bomba, yanayoungwa kipande kwa kipande kwa bolti. Adui yake ni unyevu. Tone likiingia, cheche huruka na mtambo huungua. Kwa hiyo hujazwa hewa kavu kwa presha, unyevu ukose pa kupenya. Naam, tulipeleka Handeni, nchi ya ukame, mashine ya kukausha hewa. Wakati ule sikuona cha kuchekesha.

Lori lilitoka Korogwe, likapita Segera, likagoma chini ya kilima. Mwenyekiti wa kijiji akatuitishia mkutano tupate wabebaji. Kijiji cha ujamaa kile kilikuwa kichanga. Watu walihamishwa mabondeni kwao kwa ahadi ya shule, zahanati na maji. Shule ilikuwepo. Nikasimama, nikasema, "Ndugu wananchi, tumeleta mabomba."

Vigelegele vilinikata kauli. Nilikuwa na sentensi ya pili, yenye neno "mawasiliano". Niliimeza.

Fundi mkuu, Msambaa mtu mzima, alinivuta kando. "Waambie ni ya redio."

"Wakishapandisha."

"Wakishapandisha utawaambia kwa mdomo upi, ndugu msomi?"

Walipandisha kwa siku mbili, wakiimba.

Tulipomaliza kuunga tukajaza hewa. Sindano ya geji ilipanda, ikasita, ikaanza kushuka. Palikuwa na uvujaji mahali. Dawa yake ni kupaka povu la sabuni kwenye viungo na kuangalia viputo. Povu linataka maji, na ya kwetu yalikuwa yamekwisha. Akatokea bibi mmoja, mmoja wa waliobeba, ametoka kisimani kwa njia ya kilimani, mwendo wa asubuhi nzima, ndoo kichwani.

"Shikamoo, bibi. Tunaomba maji kidogo ya kupimia mabomba."

"Marahaba, mwanangu. Ya mabomba? Chukua." Akatumiminia nusu ndoo. "Hiyo ni mbegu tu."

Akaketi kutazama. Kiungo cha nne tulikisikia kabla hatujakipaka povu: kilikuwa kinafoka kama nyoka. Bibi aliinuka, akaweka sikio kwenye shaba.

"Yanakuja!" alisema. "Nimekaa kambi ya mkonge Korogwe, nayajua. Bomba hupumua kwanza. Likianza hivi tulikuwa tunakimbilia ndoo." Akacheka, meno yake machache yote nje. "Na mwanangu mbishi! Anataka tutoroke turudi kwenye kijito chetu bondeni. Nikamwambia, wewe, mabomba yamekuja. Jana tumeing'oa nyumba ya kule, miti tumeileta tujengee hapa."

Fundi alinipa spana.

Nikakaza bolti. Sauti ikafa.

"Mbona umeyanyamazisha?"

Shahada yangu haikunipa maneno yoyote mazuri. "Bibi, haya hayana maji. Ni ya redio. Ndani mna upepo tu."

"Upepo." Alitazama chini, kwenye vumbi lililokuwa linazunguka uwanja wa shule. "Mmeutoa wapi upepo, hadi mkauleta Handeni?"

Mfanyakazi mmoja alicheka, fundi akamkata jicho.

"Na ya maji yatakuja lini?"

"Sijui, bibi."

"Siku ile mkutanoni ulikuwa unajua."

Nilianza kueleza kwamba redio ingeleta elimu, habari za kilimo, utabiri wa mvua. Kweli nilisema utabiri wa mvua. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama mtu anavyomsubiri mlevi amalize. Kisha akaonyesha kopo letu la povu.

"Hayo ya sabuni mmemaliza nayo?"

"Tumemaliza."

"Nipe. Nitafulia."

Nilimpa. Alijitwika nusu ndoo yake, akashika kopo mkononi, akashuka polepole asimwage. Nilitaka kumsaidia kubeba. Nilibaki nimeshika spana.

Sindano ya geji haikutikisika hadi jioni. Kwenye daftari la kazi niliandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa chuo: hakuna kinachovuja.