Mkono Uliopiga Besi Kivyake

Mafuta ya kukaangia yanapoanza kupata moto, kabla hata ya kutoa moshi, huwa na harufu tamu kidogo, kama ya karanga mbichi. Mpaka leo nikipita sokoni Birere asubuhi na kuikuta harufu ile kwenye meza za akina mama, mkono wangu wa kulia hujikunja wenyewe. Siyo kwamba unauma. Ni mazoea tu ya ngozi.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumeshuka kutoka vilima vya Masisi, tukapanga nyumba ya mbao Munigi. Papa alichunga ng'ombe wa watu, Mama alikaanga mandazi kwenye mbabula, jiko letu la makaa, mbele ya mlango. Siku hiyo nilikuwa nimeketi karibu naye, nikiviringa madonge ya unga. Mteja akaita, Mama akageuka haraka, kiwiko chake kikagonga karai. Mafuta yakanimwagikia vidole viwili, cha shahada na cha kati. Vilipona, lakini vikabaki vimekunjika, vigumu kama vijiti. Kila asubuhi Mama alivichua kwa maji ya uvuguvugu, akivuta polepole, bila kuvitazama. Nyumbani hakuna aliyelizungumzia tena jambo lile.

Nilipokuwa mkubwa kidogo, nikalipenda gitaa la besi la korali, kwaya ya kanisa letu. Sauti yake niliisikia tumboni kabla ya kuisikia masikioni. Mpigaji alikuwa Papa Deo, mtu mrefu aliyecheka kwa mabega. Wanafunzi wote aliwafundisha njia moja: kidole cha shahada na cha kati vikitembea juu ya nyuzi kama miguu ya mtu. "Un, deux. Un, deux," alihesabu kwa Kifaransa. Nilipomwonyesha mkono wangu alijikuna kidevu.

"Mutoto, juu ya nini usiimbe tu?"

"Sauti yangu ni mubaya, Papa."

Mabega yakatikisika, maana alikwisha kunisikia nikiimba. "Basi tafuta njia yako. Mimi sitaijua."

Nikaitafuta. Kidole gumba kilishuka juu ya uzi, kidole cha pete kikaujibu kwa kupanda. Mkono ulichoka kuning'inia, kwa hiyo nikalaza ukingo wa kiganja juu ya nyuzi, pale chini zinapofungwa. Hapo ndipo sauti ilipobadilika: ikawa fupi na nene, kama mtu anayebisha hodi kwa ngumi iliyofungwa kitambaa. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, yakawa sugu. Wenzangu waliniuliza kama nilikuwa nachambua maharagwe. Baadaye wakaacha kucheka, na waimbaji wakasema wakipotea wimbo, besi yangu inawashika mkono na kuwarudisha.

Mama aliketi benchi la mwisho, na nilipoanza kupiga aliinamisha kichwa. Nilidhani anaona haya kuwa na binti anayeshika gitaa.

Jumapili moja kiongozi wa korali akanipa nafasi ya kutoa ushuhuda. Niliinua mkono wangu juu, watu wote wauone.

"Mama alinimwangia mafuta ya moto hapa," nikasema, "lakini ninamushukuru, na ninamushukuru Mungu. Bila ile mafuta singepiga hivi!"

Kanisa zima lilipiga makofi. Mama akasimama, akatoka.

Nilimkuta nyuma ya kanisa, ameketi kwenye mawe meusi ya volkano, kitenge kimeziba mdomo.

"Mama, nimekosa nini?"

"Haukukosa. Umesema kweli."

"Nilikuwa nakushukuru."

Aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. "Unishukuru juu ya chakula. Unishukuru juu ya nguo. Lakini ile mafuta, usinishukuru hata siku moja."

Nilikasirika. Nilirudi ndani nikapiga kwa nguvu zaidi, nikiamini amekataa zawadi yangu.

Sasa mimi ndiye ninayefundisha besi. Juzi tu, kwenye mazoezi, msichana mmoja anayeitwa Esta alikunja vidole viwili vizima, akavificha kiganjani ili apige kama mimi. Wenzake walimshangilia. Mimi nilikuwa kama mtu aliyeona jeraha lake limevalishwa nguo ya sikukuu. Hapo ndipo nilipoelewa nilichomfanyia Mama: siku yake mbaya kuliko zote nilikuwa nimeigeuza sherehe, halafu nikamtaka naye apige makofi.

Mama, ambaye sasa anatembea kwa shida, alikuwa amekuja kunisubiri tuondoke pamoja. Aliinuka kabla sijasema neno. Akamfikia Esta, akavikunjua vile vidole, kimoja, halafu cha pili.

"Wewe uko navyo, mutoto wangu," akamwambia. "Tumia vyote."