Siku Somoe Alipotuzwa

Harufu ya korosho zinazobanikwa hunirudisha, nikitaka nisitake, katika ukumbi wa shule yetu ya muziki pale Chuno, nilikoujua wivu kabla sijalijua jina lake. Alasiri ile moshi wa wabanikaji uliingia madirishani, nasi tumepangwa mbele ya mtunzi mashuhuri wa nyimbo, aliyekuja kuchagua mtoto mmoja wa kuanzisha wimbo wake mpya. Sote tulijua kwamba uchaguzi ulikuwa kati yangu na Somoe.

Mwalimu alikuwa amewaonya wazazi: hili ni onyesho, si harusi, asiinuke mtu kutuza, asipige mtu kigelegele. Baba yangu, karani wa bandarini aliyehamia Mtwara kutoka Bukoba, alilishika agizo hilo kama amri ya kanisani. Niliimba bila kosa. Yeye na mama walikaa wima, mikono magotini, mithili ya watu wanaopigwa picha.

Kisha akaimba Somoe. Alipofika ubeti wa pili, shangazi yake, mkulima wa korosho kutoka kijijini, aliinuka na khanga mpya mkononi, akaja mbele huku akicheza.

"Mama, tafadhali, hapa watu wananyamaza," mwalimu alimnong'oneza.

"Ninyamaze, mwalimu? Kwani humu kuna maiti?"

Nilifurahi, wasomaji wangu. Nilidhani Somoe ameharibikiwa. Kumbe mwenzangu alikuwa amekulia ngomani. Aliushika mstari uleule, akaurudia na kuurudia, akigeuka taratibu afungwe khanga kiunoni. Fundo lilipokaza, ndipo akausogeza wimbo mbele. Mtunzi alicheka hadi akavua miwani.

"Huyu ndiye atakayeanza," alisema. Kisha akanigeukia mimi: "Nawe, binti, sauti yako ni safi sana."

Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakuniona siku ile.

Tukirudi nyumbani baba aliniuliza, "Ulikosea popote?"

"Hapana, baba."

"Basi." Akanishika mkono, kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilichomwonea Somoe wivu ni ule wimbo. Hadi nilipoketi mimi mwenyewe katika kiti cha mzazi, nikiwa nimekatazwa kuinuka wakati mwanangu akiimba, ndipo nilipotambua kwamba ile mikono ya baba haikuwa imetulia, ilikuwa imezuiwa. Hayo nimeyaelewa barabara, na bado namwonea Somoe wivu kwa ile khanga.