Mahindi Yaliyofungwa Kamba ya Mgomba

Juzi mjukuu wangu alipanda kutoka Voi, shule zimefungwa, akanikuta uani napukuchua mahindi. Akaketi kwenye kigoda, akafungua daftari, akalifunga, akalifungua tena. Mtoto akifanya hivyo ana jambo. Nikamwambia, "Sema, ama ushike hindi unisaidie."

"Nyanya, hutakasirika?"

"Hilo nitaamua nikishasikia."

Basi akasema mwalimu amewafundisha kwamba viumbe hubadilika. Mnyama au mmea wa leo si sawa kabisa na wa zamani za kale, na mabadiliko huja polepole, kizazi baada ya kizazi. Aliogopa nitasema ni dhambi, kwa vile mimi ni mtu wa kanisa na shule niliishia darasa la tatu. Nikatazama mahindi yaliyokuwa mapajani mwangu, nikacheka. Ya zamani za kale siyajui, sikuwepo. Lakini mbegu kubadilika nimeona kwa macho yangu, na chanzo kilikuwa kosa langu mimi.

Kama ulikulia huku milimani Werugha, unayakumbuka majiko ya wakati ule. Moto haukuzimika. Juu ya mafiga palikuwa na dari ya fito, nyeusi kwa masizi, na kila kitu ndani kilinuka moshi, hata nywele zetu, hata maziwa. Hapo darini ndipo nyanya yangu, mama yake baba, alipotundika mbegu. Yeye ndiye aliyenilea, na hakuwa mtu wa kubembeleza.

Kabla ya kuvuna, alizunguka shambani asubuhi ukungu ukiwa bado umelala kwenye matuta, kiunoni amechomeka kamba za mgomba mkavu. Akiupenda mhindi, anaufunga kamba. Mimi nilidhani atafunga yale makubwa. Wapi! Alikuwa anayapita kama hayaoni. Alitaka bua lililosimama baada ya upepo, ganda lililofunika hindi mpaka ncha, na hindi lenyewe liwe limeinamisha kichwa. "Huku kwetu," alisema, "hindi linalotazama juu linakunywa mvua mpaka linaoza." Hayo yaliyofungwa yalipanda darini na kamba zake, na hakuna mkono ulioruhusiwa kuyagusa ila wake.

Msimu mmoja, nikiwa na miaka kama tisa, kina mama wa kanisa walikuja kutusaidia kulima kabla ya mvua. Nyanya alikuwa amekwenda Mghange kumwona mgonjwa, akaniachia kazi ya kupika pure, mahindi ya kuchemsha na maharagwe. Mahindi ya kupika yalikuwa kwenye gunia, yameingiwa na wadudu wa dumuzi, na kuchambua dumuzi ni kazi ya kuchosha. Nikatazama juu. Yale ya darini yalikuwa safi, yanang'aa. Nilijiambia nitachukua mawili tu. Lakini kina mama walikuwa wengi na sufuria ilikuwa kubwa.

Walikula wakasifu. "Pure ya leo ni tamu! Huyu ataolewa mapema."

"Mwache kwanza amalize kuota meno!"

Nikatembea kwa maringo nikiwaongeza. Ndipo nyanya akaingia. Hakuniangalia mimi, aliangalia chini, pale karibu na mafiga, nilipokuwa nimezitupa kamba za mgomba. Akainama akaziokota moja moja. Kutafuna kukakoma. Mama mmoja, mdomo bado umejaa, akauliza, "Kwani mama, tumekula nini?"

"Mmekula shamba mnalolilima."

Hakunichapa. Afadhali angenichapa, yaishe. Jirani alikuja na kikapu cha mahindi yake, nyanya akamshukuru akakataa: "Sikuyaona yakiwa yamesimama shambani." Kisha akanigeukia. "Kesho utanibebea kikapu. Tunashuka kwa shangazi yako."

Shangazi, binti yake nyanya, alikuwa ameolewa kule chini, upande wa Voi, na siku ya harusi alifungiwa mbegu ya nyumbani kwenye kanga. Tulishuka na lori la mboga, mimi nimekumbatia kikapu. Kule joto, udongo mwekundu, vumbi mpaka kwenye kope. Ua wa shangazi ulikuwa wa mabua, na mabua yenyewe yalinifika kifuani tu, ilhali ya kwetu yalimpita baba kichwani. Akatuletea mahindi. Yalikuwa mafupi, magumu, madogo kama ya kuchezea.

"Mbegu yangu uliitupa, ukatafuta hii?" nyanya akauliza.

"Mama, ni ile ile. Sijawahi kupanda nyingine."

"Usinidanganye na mvi zangu."

"Sikudanganyi. Huku mvua ni ya wiki chache, ikikata imekata. Ile mihindi mirefu ilikauka ikingoja. Michache iliyowahi ndiyo iliyozaa, nami nikapanda iliyozaa. Mwaka mwingine hivyo hivyo. Ningefanyaje?"

Nyanya akachukua hindi moja. Akang'ata punje moja, akaitafuna taratibu. "Haya," akasema. "Twende nayo tuone kama itatukumbuka."

Haikutukumbuka, rafiki yangu. Msimu ule wa kwanza ilikomaa haraka, mvua na ukungu bado vipo, na mengi yakaozea kwenye bua. Nililia. Tuliishi kwa viazi na maboga, na lawama nilizijua ni za nani. Lakini nyanya alizunguka na kamba zake kama kawaida, akafunga michache iliyovumilia. Akanikabidhi kamba zilizobaki. "Kuanzia leo utazunguka nami."

Nilidhani ni adhabu. Nilizunguka msimu baada ya msimu mpaka nikaolewa, na mahindi yakawa yanarefuka, yanafunika ncha, yanainama. Hakuna mhindi hata mmoja niliouona ukijirefusha. Mmea haujui hilo. Iliyooza haikuacha watoto, iliyovumilia iliacha, basi. Wala hayakurudi kuwa yale ya kwanza. Upepo ulileta chavua ya kwa jirani, yakawa na punje za zambarau hapa na pale, ambazo nyanya hakuwa nazo.

Nilimwambia mjukuu hayo yote. Akaandika, akafuta, akaandika. Kisha nikampa kamba, tukaingia shambani kuzungukia yaliyobaki bila kuvunwa. Akakimbilia hindi kubwa kuliko yote, akafunga. Akalitazama lilivyoelekeza ncha mbinguni, akaifungua kamba mwenyewe, akaenda kwenye dogo lililoinama.

Siku hizi napikia gesi, dari ya fito haipo, mbegu naiweka kwenye mtungi na jivu. Watu wengi hununua dukani, siwalaumu. Mahindi ya nyanya yangu hayapo tena popote duniani. Lakini nikihesabu nyuma, msimu kwa msimu, sioni siku hata moja ambayo yalikufa.

Na kila nikitaka kupika pure, kwanza naangalia kama kuna hindi lenye kamba.