Ua la pori la Maman Domitille

Maman Domitille alikuwa jirani yangu huku mutaa wa Muhumba. Miaka ile ya Zaïre, serikali iliondoa majina ya ubatizo ku karatasi, akaandikwa citoyenne, ni kusema mwananchi, Nabintu. Lakini kwetu alibaki Domitille, yule wa kupamba altare. Kila siku ya posho, ni kusema Jumamosi, alipeleka maua ku kanisa. Hata ufito mukavu wa kuzungushia lupango, akiuchomeka yeye, unachipuka.

Bwana yake, papa Lucien, alikuwa shofere wa kamio, lori ya mizigo. Safari moja alikwama mu matope njia ya Shabunda, akalala kwa watu wa pori, nao wakamuonyesha muti wa ajabu: shina moja lenye madoa kama nyoka, na jani moja tu juu, limefunguka kama mwavuli. Wakamuambia muti ule, wakati wake ukifika, unatoa ua kubwa kupita kichwa cha mutu, rangi ya divai. Akamuletea bibi yake kiazi chake, amekifunga mu kitambaa. Siku hiyo hiyo Domitille akamuahidi Mama Maria: ua la kwanza litakuwa lake, mbele ya sanamu yake.

Lakini alikosea namna sisi wote tungekosea. Kiazi kilifanana na cha mateke, yale magimbi, basi akakipanda fasi mateke inapendaka, kando ya mufereji wa maji ya kuoga. Jani likatoka vizuri, kisha likageuka manjano, likaanguka. Georgette, wifi yake, akacheka, akamuambia, "Wifi, Mama Maria atangoja sana."

Domitille akachimba akilia. Kumbe kiazi kimeoza upande mumoja tu. Akakata penye kuoza, akapakaa majivu, akakiweka mu kitunga kilichoning'inia mu moshi wa jikoni, pamoja na mbegu ya maharagi. Mvula iliporudi, kiazi kikatoa jicho. Mara hii akakipanda chini ya muavoka, kivulini, mu majani yaliyooza, mbali na maji.

Jani likatoka, na kiangazi kilipofika likaanguka tena. Georgette akacheka tena, lakini Domitille hakulia. Aliniambia, "Dada, muti haukukufa. Unapumuzika."

Miaka ikapita hivyo, kiazi kikinona mu udongo. Kisha mwaka mumoja, mvula ya kwanza ikanyesha karibu na sikukuu ya kuzaliwa kwa Mama Maria, na mahali pa jani kikatoka kitu kinene kama ngumi. Domitille akakimbia kumuambia padiri Alphonse asitafute maua mengine.

Siku ya posho, kesho yake ikiwa sikukuu, ua likafunguka, jekundu la kuelekea weusi, zuri kabisa. Na likanuka. Lilinuka kama nyama iliyosahauliwa. Mimi nilitafuta panya ya kufa chini ya vitanda vyangu vyote. Georgette alishafukuza imbwa ya watu bure. Mainzi ya Muhumba yote yakaja. Domitille akakaa ku kiti kidogo, kichwa mu mikono. Akilipeleka ku altare, watu watatoka. Asipolipeleka, amemudanganya Mama Maria.

Padiri akaja mwenyewe, mukono wa kanzu ku pua. Akazunguka ua, akachungulia ndani, akatazama mainzi yanavyoingia na kutoka. Domitille akaomba musamaha. Padiri akasema, "Maman, mainzi nayo, nani aliyaumba? Ua hili linaita wageni wake. Kesho tutamuleta Mama Maria hapa."

Basi kisha misa tukatoka na sanamu, tukiimba mpaka chini ya muavoka. Tulipofika, wimbo ukageuka wa puani, kwani kila mutu alikuwa amefinya pua yake. Georgette alifinya ya kwake na mikono miwili. Kisha padiri akasema, "Kwa jina la Baba," na mikono yote ya kuume ikalazimika kuachia pua ili kufanya alama ya musalaba. Tulicheka mbele ya Mama Maria, Mungu atusamehe, na wa kucheka kupita wote alikuwa Domitille, ambaye pua yake hakuifinya hata kidogo.