Tulipoacha kuhesabu dola na kuanza kuhesabu shift: malengo yetu ya kipato, Sydney wakati wa korona

Wakuu, salamu kwenu mlioko nyumbani na sisi tulio huku mbali. Haya yametokea sebuleni kwangu. Mke wangu, Mama Salma, ameyasoma kabla sijayaposti, kwa hiyo nikitia chumvi ataniumbua hapa hapa.

Tunaishi Bankstown. Mimi nilikuwa napakia mizigo kwenye ghala kule Smithfield, mchana. Mke wangu alikuwa msafishaji katika hospitali moja ya Westmead, usiku, na Jumapili pia, maana huku Jumapili inalipa kuliko siku nyingine.

Korona ilipoingia, shift za usafi zikawa za kumwaga. Simu ikiita, anakwenda.

Tulikuwa na target ya kipato kwa wiki. Tukaifikia, tukaipandisha. Tukaifikia tena, tukaipandisha tena. (Ukitoka Tanga na ukoo mzima unajua uko Australia, sababu ya kupandisha haikosekani.)

Siku moja binti yetu Salma, bado mdogo, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha shule: "Is Mama home, or home and awake?" Yaani mama yupo tu, au yupo na yuko macho?

Mama yake alikuwa jikoni, akasikia. Akaja na sare ya kazi mwilini.

"Baba Salma, lengo letu lina miguu. Tukilikaribia linakimbia."

"Sasa unataka tulishushe?"

"Nataka lisimame. Tulifunge kwenye kitu."

Tukalifunga kwenye shift. Kila hatua ya kipato ikapewa shift yake ya kuacha. Hela ikitimia, shift inaachwa, hakuna mjadala.

Hatua ya kwanza ilikuwa yangu. Nikapata leseni ya kuendesha forklift pale ghalani, malipo yakapanda, pengo la hela ya usiku likazibika. Mke wangu akaacha usiku. Siku ya kwanza alilala mpaka nikaenda kusikiliza kama anapumua.

"Toka hapo mzee, sijafa."

Hatua ya pili ilikuwa yake: kozi ya kuhudumia wazee. Lockdown ilipotufungia mtaani kwetu, masomo mengi yakawa online, nami nikawa mgonjwa wa mazoezi. Nimegeuzwa kitandani, nimelishwa uji, nimeambiwa "good boy". Wazee wa nchi hii wana bahati sana.

Akamaliza, akapata kazi ya kutunza wazee, siku za wiki tu. Zile shift za kuitwa kwa simu akaziacha, usafi ukabaki wa Jumapili.

Hatua ya tatu ndiyo ilikuwa kuiacha hiyo Jumapili. Ikatutisha. Hela ilitosha, ila bila cha juu. Akaaga hospitalini.

Jumapili ya kwanza, pilau jikoni, simu ikaita. Msimamizi wake wa zamani: mtu kakosekana, arudi leo tu, malipo mara mbili.

Siwafichi wakuu, nilianza kupiga hesabu kichwani. Salma aliacha kuchora, akamtazama mama yake.

"Sorry love, can't today."

Yaani leo hawezi. Akakata simu, akanigeukia.

"Na wewe acha kuhesabu. Katakata kachumbari."

Nilichojifunza: namba peke yake haina breki. Ukipanga hatua za kipato, sema mapema kila hatua ikitimia utaacha nini, na umwambie mtu atakayekushika shati.

Nyie malengo yenu mmeyafunga kwenye nini? Mwageni uzoefu. Mlioko kazini mtasoma mkitoka, poleni.

Naandika haya Jumapili. Mama Salma yupo, na yuko macho.