Chanjo Zilizoganda Siku ya Jua Kali

Siku yangu ya kwanza kazini Same, Mganga Mkuu wa Wilaya alinitazama kuanzia viatu hadi kofia ya uuguzi, akaniuliza kama najua kuendesha pikipiki. Nikamjibu kuwa najua. Nilichojua ni baiskeli ya kaka yangu, tena kwa kuteremka mlima tu. Lakini nafasi ya muuguzi wa chanjo ilikuwa moja na tulioitaka tulikuwa watatu, wawili wakiwa wanaume, na mimi sikuwa tayari kuwaachia. Jioni ileile nilimwendea dereva wa gari la wagonjwa nikamsihi anifundishe. Alinizungusha uwanja wa mpira siku nne mfululizo huku akinicheka, na siku ya tano nikapanda mlima peke yangu.

Vijana wa leo mnapelekewa chanjo kwa gari, na zahanati zenu zina majokofu ya nguvu ya jua. Wakati wetu jokofu la zahanati za juu lilikuwa la gesi, na gesi ilikwisha mara nyingi kuliko ilivyokuwepo. Kwa hiyo siku ya kliniki chanjo zilitoka Same zikiwa katika sanduku baridi, yaani kisanduku chenye kuta nene kinachopangwa vipande vya barafu pembeni, nalo nikilifunga kwa mipira nyuma ya kiti. Safari nzima, kuanzia kiwandani hadi kwenye paja la mtoto, inaitwa mnyororo baridi. Chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi mbili na nane, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mnyororo haukatiki mikononi mwangu.

Sasa fikiria njia yenyewe. Tambarare ya Same saa tano asubuhi, mwezi wa pili, upepo unakupiga usoni kama umefungua mlango wa tanuri la mkate. Mtu mgeni hufungua koti apate hewa, na hapo ndipo anapokaushwa. Mimi nilifunga vifungo vyote vya mikono ya koti, nikajizungushia shingoni khanga iliyoloweshwa maji, na nilikunywa maji kabla ya kusikia kiu. Ukiegesha, unafunika kiti kwa kitambaa, la sivyo utarukia pikipiki na kuruka tena. Kisha unapita Mwembe na kuanza kupanda kuelekea Mbaga, na baada ya kona kadhaa ukungu unakupokea. Palikuwa na jiwe moja kubwa nililoliita Mpaka wa Sweta. Hapo nilisimama, nikavua khanga, nikavaa sweta mbili, nikaingiza gazeti kifuani kuzuia upepo na kuvaa soksi mikononi na mifuko ya plastiki juu yake. Vidole vikifa ganzi huwezi kubana klachi, na usipobana klachi kwenye kona za kwetu, korongo linakusubiri. Bosi wangu wa pili, Mratibu wa Chanjo wa Wilaya, mzee mkali mwenye miwani minene, aliniona siku moja nikirudi na gazeti likichungulia shingoni, akaniuliza kama hizo habari nimezisoma au nimezivaa tu.

Huyo Mratibu ndiye aliyetufundisha namna ya kupanga barafu. Vipande vikitoka kwenye friza havitiwi kwenye sanduku papo hapo. Unaviweka mezani vitoe jasho, unavitikisa, na ukisikia maji yanacheza ndani, ndipo unapanga. Barafu ngumu isiyotoa jasho huzigandisha chanjo, na chanjo ya pepopunda na zinazofanana nayo zikiganda zimekufa. Na hapa sikilizeni vizuri: kila kichupa kina kibandiko kinachobadilika rangi kikipata joto, lakini kikiganda, kibandiko hakibadiliki hata kidogo. Wote tulifundishwa hayo, na wote tuliogopa joto tu. Nani amekaa Same akaogopa baridi?

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu. Siku hiyo jua lilikuwa kali kuliko kawaida, nami nilikuwa nimechelewa. Nikasema moyoni, kwa joto hili, barafu ngumu ndiyo salama yangu. Nikachukua vipande vinne moja kwa moja kutoka kwenye friza, nikapanga, nikafunga, nikaondoka nikiimba pambio. Mlimani mvua ilikuwa imenyesha usiku, na kwenye kona moja ya udongo mwekundu chini ya zahanati niliteleza mara mbili, nikaishia kuisukuma pikipiki. Nilifika nikiwa na matope hadi kwenye nyusi. Akina mama thelathini na kitu walikuwa wameketi wakinisubiri, na wakanicheka kwa raha zao.

Nilipofungua sanduku, kipimajoto kilisoma chini ya sifuri.

Nikafanya jaribio la kutikisa. Unachukua kichupa unachokishuku na kingine ulichokigandisha makusudi, ambacho mimi nilikuwa nacho kwa ajili ya kufundishia. Unavitikisa pamoja, unaviweka mezani, unatazama. Chanjo nzima hubaki na weupe wake kwa muda mrefu. Iliyoganda hutua chini upesi kama unga wa uji usiokorogwa. Vyote viwili vilitua sawasawa. Nilirudia mara tatu nikitumaini macho yananidanganya.

Nitawaambia ukweli, nilifikiria kuwachoma watoto tu. Vibandiko vilikuwa safi. Watoto wangelia vilevile, kadi zingeandikwa vilevile, na Mratibu asingejua kwamba muuguzi wake wa kike, ambaye wengi waliapa hataweza kazi, ameharibu chanjo za kata nzima. Mbele kabisa alikaa Mama Elihuruma, aliyevuka bonde tangu alfajiri na mtoto wa wiki sita mgongoni. Alikuwa ameshamfunua paja mtoto wake, tayari. Nikashindwa. Nikasimama nikawaambia chanjo zimeganda na hazina kazi tena.

Mzee Mbwambo, mwenyekiti wa kitongoji, akajongea na fimbo yake. Mnajua tunavyosemwa Wapare, kwamba tutauza ng'ombe tupate nauli ya kwenda kushtaki kesi ya kuku. Akanisimamisha kama niko mahakamani.

"Nesi, aliyezigandisha ni nani?"

"Ni mimi, mzee."

"Kwa nini?"

"Niliogopa joto."

Hapo mtu mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, kwa sababu tulikuwa tumejikunyata kwa baridi tukitoa moshi mdomoni. Mzee akasema kesi imekwisha, mshtakiwa amekiri, sasa aseme atafanya nini. Nikasema nitarudi Same na nitakuwa hapa alasiri, wakinisubiri. Mama Elihuruma hakuwa amecheka.

"Ungetuchoma tu," alisema. "Sisi tungejuaje?"

"Msingejua."

Akamfunika mtoto na kumrudisha mgongoni. "Basi nenda. Mimi siondoki."

Niliteremka kwa gia bila kugusa breki sana, nikavua sweta kwenye jiwe langu, nikapita kwenye tanuri la Same, nikasubiri barafu itoe jasho huku na mimi nikitoa langu, nikapanda tena. Njiani kilichonisumbua ni ile kona ya matope. Nikianguka pale na sanduku, basi. Lakini nilipoikaribia nilisikia nyimbo. Mzee Mbwambo alikuwa amepiga pembe ya msaragambo, ule mwito wetu wa kazi ya pamoja ambao asiyeuitikia hutakiwa ajieleze. Wanaume walikuwa wamechimba mfereji, na akina mama, watoto mgongoni, walikuwa wamebeba mawe kutoka mtoni na kuyashindilia kona nzima. Nilipita juu ya mawe yale bila kuteleza, nikilia ndani ya kofia ngumu, na siku hiyo hakuna mtoto aliyerudi bila chanjo. Walinipa makande ya moto na chai ya tangawizi, wakanisindikiza mapema kabla jua halijazama.

Kesho yake nilipeleka ripoti kwa Mratibu, nikaandika kuwa kosa ni langu. Niliandaa moyo kwa maneno makali. Akaisoma, akavua miwani.

"Kabati hili lina ripoti za miaka yangu yote hapa," alisema. "Za joto ziko nyingi. Hii ndiyo ya kwanza ya kuganda. Wewe unadhani huko nyuma hazikuganda?"

Nikakumbuka miaka yangu miwili ya nyuma, nikitazama vibandiko na kufurahi, kipimajoto nikikisahau ndani, kwa hiyo sikuweza kujua ngapi ziliganda. Mratibu hakunifukuza, alinipa daftari na mafuta. Kwa miezi kadhaa nilipita kijiji kwa kijiji, nikawaita tena watoto wa miaka ile, nikiwaeleza mama zao sababu bila kuficha. Wengi tuliwapata. Wengine familia zao zilikuwa zimehamia kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu kwa uvuvi, au Ziwa Jipe, au mjini, na hao sikuwapata.

Nimestaafu sasa, magoti hayataki tena pikipiki, na napanda mlimani nikiwa abiria wa bodaboda, nikimkemea dereva kila kona. Watu wananiita bibi mdadisi. Nikikutana na kijana wa kwetu, sokoni au kanisani, akishanipa shikamoo nami nikaitikia marahaba, namuuliza umri wake. Nikiona unaangukia miaka ile miwili, simwachii mkono mpaka aniahidi kwenda zahanati kuchomwa sindano ya pepopunda. Hudhani uzee umenipanda kichwani, hucheka, na huahidi ili nimwachie. Kesho yake naenda zahanati kuuliza kama amefika.